Kinga ya mafua haiuzwi duka la dawa



Kila ifikapo mwezi wa Juni, upepo wa kusi unapoanza kuvuma na wakazi wa Dar es Salaam wanapoyakumbuka masweta waliyoyatupia chini ya sanduku, barua na ujumbe unaofika mezani kwangu hubadilika sura. Wale waliokuwa wakilalamikia bei ya mchele na mashimo ya barabarani huanza kuniuliza habari za pua zao. Wiki hii nimechagua watatu. Mama mmoja wa Mbagala anasema mtoto wake wa miaka mitatu hamalizi mwezi bila mafua na kikohozi, na sasa jirani amemshauri ampeleke kwa mzee mmoja akakatwe kimeo. Afanye hivyo au asifanye? Kijana wa Manzese anataka kujua kipi kinashinda mafua, kitunguu saumu au vidonge vya rangi mbili. Wa tatu, ambaye hakutaja anakokaa, anauliza kama ni kweli maji ya barafu yanaleta mafua, maana mkewe amemfungia jokofu kwa kufuli.

Mimi si daktari. Ni mtu wa redio, na kazi yangu ni kuwauliza wanaojua, kusoma walichoandika, kisha kukusimulia kwa lugha ya nyumbani. Nitaanza na adui mwenyewe, kwa sababu asiyemjua adui yake hupigana na kivuli.

Mafua huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Wala si aina moja. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 200 zinazoweza kukutia mafua, na kundi kubwa kuliko yote linaitwa rinovirusi. Hapo ndipo penye taabu yote. Mwili wako ukishapambana na aina moja na kuizoea, aina nyingine inabisha hodi, na hiyo mwili hauijui. Ndiyo maana mpaka leo hakuna chanjo ya mafua ya kawaida. Ile homa ya mafua, inayomlaza mtu kitandani kwa joto kali na viungo kuuma, ni ugonjwa mwingine wenye virusi vyake na chanjo yake. Huo leo nauacha kando.

Mtu mzima hupata mafua mara mbili au tatu kwa mwaka. Mtoto mdogo, ambaye mwili wake bado unajifunza, hupata mara sita hadi nane, na akianza chekechea anaweza kuzidi hapo. Sasa mama wa Mbagala apige hesabu pamoja nami. Kila mafua huchukua siku saba hadi kumi. Mara nane kwa siku kumi ni siku 80, na hapo hatujahesabu kikohozi, ambacho hupenda kubaki nyuma wiki moja zaidi baada ya kamasi kukauka. Mtoto wa namna hiyo, mzima kabisa, asiye na dosari yoyote, atakuwa na pua inayotiririka au kifua kinachokohoa karibu siku moja katika kila tatu. Mama yake ataapa kwamba mwanawe hajapona tangu azaliwe. Kumbe amepona mara nane na kuugua mara nane.

Je, baridi ina makosa gani? Tangu tukiwa wadogo tumeambiwa tusitoke na nywele mbichi, tusikanyage sakafu bila viatu, tusikae kwenye upepo. Wazungu nao waliambiwa hivyo hivyo na bibi zao, na baadhi yao wakaamua kulichunguza jambo hilo. Katika mji wa Salisbury, Uingereza, mwaka 1946 kilifunguliwa kituo cha kuchunguza mafua, na kazi hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Watu walijitolea kwenda kukaa pale siku kama kumi, wakila na kulala bure, na kwa malipo hayo wakatiwa matone yenye virusi puani. Katika jaribio moja, baadhi yao waliogeshwa, wakasimamishwa na maji yao mwilini kwenye ukumbi wenye upepo kwa nusu saa, kisha wakavishwa soksi zilizolowa. Walitetemeka kweli kweli, lakini hawakupata mafua kuliko wenzao waliokaa pakavu.

Basi bibi zetu walitudanganya? La hasha, msiharakishe. Mwaka 2005, katika mji wa Cardiff huko Wales, watafiti waliwaweka watu 90 miguu yao ndani ya maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaweka miguu yao kwenye beseni tupu wakiwa na viatu. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 katika kundi la maji baridi walisema wameshikwa na mafua, na katika kundi la beseni tupu walikuwa 5. Maelezo ya watafiti wale ni kwamba huenda virusi vilikuwa vimeshaingia puani vikiwa vimelala, na baridi ya miguu ikapunguza damu inayokwenda kwenye ngozi ya ndani ya pua, ulinzi ukalegea. Kwa hiyo mimi naiona baridi kama mlinzi aliyesinzia getini. Mwizi anaweza kupita, lakini lazima kwanza awepo mwizi. Mtu aliye peke yake juu ya Kitulo, akitetemeka usiku kucha bila kukutana na binadamu mwenzake, hatapata mafua.

Mwizi huyo basi anapitia wapi? Njia zake ni mbili kubwa: hewa na mikono.

Nianze na hewa. Panda daladala ya Gongo la Mboto siku ya manyunyu. Tone la kwanza likigusa kioo, kila aliyekaa dirishani anafunga. Ndani mna watu waliokaa, na waliosimama wamebanana hata asiyeshika chuma haanguki. Mmoja anapiga chafya Tazara, mwingine anakohoa Vingunguti, na hewa ile ile mnaivuta na kuitoa wote mpaka mwisho wa safari. Mtu anayekohoa hutoa matone makubwa yanayoanguka karibu, na pia chembe ndogo sana zinazoelea hewani kama moshi wa sigara. Hebu fikiria kama mtu yule angekuwa anavuta sigara. Je, ungekubali madirisha yafungwe? Ungepiga kelele mpaka konda asimamishe gari. Virusi navyo vinaelea vivyo hivyo, ila havina harufu ya kukushtua.

Haya ya dirisha ni mambo tuliyokuwa nayo tukayaacha. Hospitali za zamani zilijengwa na dari za juu na madirisha makubwa pande mbili, na waliozijenga walikuwa na sababu. Mwaka 2007 walichapishwa watafiti waliopima hewa katika hospitali nane za Lima, Peru, wakakuta wodi za kizamani zenye madirisha wazi zilibadilisha hewa kwa kasi kuliko vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kupitishia hewa. Nasi leo tunajenga vyumba vya kupangisha vyenye dirisha moja dogo, na dirisha lenyewe limezibwa na kabati la vyombo. Watoto wanne wanalala humo. Kama una chumba cha namna hiyo, nakuomba ulisogeze hilo kabati wiki hii. Fungua dirisha mchana kutwa, na usiku liache wazi kidogo; wavu uzuie mbu, na mtoto ajifunike vizuri. Blanketi ni la mtoto, si la dirisha.

Njia ya pili ni mikono. Mwenye mafua hujifuta kamasi kwa kiganja, akashika chuma cha daladala, kitasa cha mlango, noti ya shilingi elfu, simu. Wewe unashika baada yake, kisha unajikuna jicho au unasugua pua. Umeshajichanja mwenyewe bila sindano. Virusi haviingii kwa kupenya ngozi ya kiganja. Vinangoja ukavipeleke kwenye jicho na pua.

Dawa yake ni sabuni. Sisemi hivi kwa kubahatisha. Katika mitaa ya maskini ya Karachi, Pakistan, watafiti walizigawia kaya mamia kadhaa sabuni na kuzifundisha kunawa, wakalinganisha na kaya nyingine ambazo hazikupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: watoto wa chini ya miaka mitano katika kaya zilizonawa walipata nimonia nusu tu ya wenzao. Nusu, ndugu msikilizaji! Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba baadhi ya kaya zilipewa sabuni maalumu ya kuua vijidudu na nyingine zikapewa sabuni ya kawaida, na hakukuwa na tofauti. Ile ya mche unayokata kwa kisu kufulia nguo inatosha.

Lakini tazama tunavyonawa. Kabla ya kula, beseni linazunguka, baba anachovya, mjomba anachovya, watoto wanachovya, maji yale yale, bila sabuni. Baada ya kula pilau ndipo sabuni inapotafutwa nyumba nzima, kwa sababu mafuta yamegandana vidoleni! Tunaosha vizuri mikono iliyokwisha kutulisha. Wazee wa pwani walikuwa na birika na beseni, mmoja anamimina na mwingine ananawa, maji machafu hayarudi. Huo ndio utaratibu, na pasipo na birika kibuyu chirizi kinafanya kazi hiyo hiyo: dumu dogo lenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyagia, linaning'inizwa karibu na choo na jiko. Mwaka 2020, wakati wa corona, kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo yenye bomba. Nyingi nilizokuwa nikizipita zimekwisha ondoka, na pengine sasa zimewekewa maharage.

Ukikohoa, kohoa ndani ya kiwiko au kwenye leso, usikohoe kiganjani. Mwenye mafua asibusu watoto, na asilale nao kitanda kimoja kama kuna namna. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo anapoambukiza zaidi.

Naja kwenye usingizi, jambo ambalo watu huliona halina uzito. Huko Pittsburgh, Marekani, watafiti waliwauliza watu wazima 153 wanalala saa ngapi kila usiku kwa wiki mbili, kisha wakawatia virusi vya mafua puani na kuwaweka peke yao. Waliokuwa wakilala chini ya saa saba walishikwa na mafua karibu mara tatu kuliko waliolala saa nane au zaidi. Huo ulikuwa mwaka 2009. Nami nikiwatazama watoto wa jiji hili wanaoamshwa saa kumi alfajiri kungoja basi la shule, nao jana yake wamekaa kwenye tamthilia mpaka saa nne usiku, nashangaa tukishangaa kwamba wana mafua.

Sasa twende jikoni, maana najua ndiko mlikokuwa mkinisubiri. Chai ya tangawizi, ndimu, asali, mchaichai, supu ya kuku yenye pilipili manga: je, vinasaidia? Vinasaidia, lakini tuseme ukweli vinasaidia nini. Haviui virusi. Mafua yatakwenda siku zake. Vinachofanya ni kukupunguzia mateso ukiwa njiani. Wale wale wa Cardiff mwaka 2008 waliwapa wagonjwa wa mafua maji ya matunda, wengine ya moto, wengine yasiyo ya moto. Waliokunywa ya moto walipata nafuu ya koo, chafya, kikohozi na uchovu papo hapo. Na supu ya kuku? Mwaka 2000 daktari mmoja wa Nebraska, Marekani, Stephen Rennard, alichukua supu iliyopikwa kwa mapishi ya bibi wa mkewe akaipima maabara, akaona inapunguza mwendo wa chembechembe nyeupe za damu, zile zinazosababisha pua kuvimba. Ilikuwa ndani ya chupa tu, si ndani ya mgonjwa. Hata hivyo mimi naona huyo ni mkwe aliyejua kujipendekeza.

Asali hutuliza kikohozi cha usiku kwa mtoto, kijiko kimoja kabla ya kulala. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, zikamea na kutoa sumu ya kupooza misuli. Na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chai wala maji. Ziwa la mama ndilo supu yake na ndilo kinga yake.

Machungwa na vitamini C zimesifiwa sana tangu mwanasayansi Linus Pauling alipoandika kitabu mwaka 1970. Majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kwamba kwa mtu wa kawaida kumeza vitamini C kila siku hakuzuii mafua, ila hufupisha siku zake kidogo, na ukianza kuimeza baada ya kuugua haina faida ya kuaminika. Kula chungwa kwa sababu ni chungwa. Jambo la bure lililonishangaza ni kusukutua koo. Huko Japani watu 387 waligawanywa makundi matatu katika majira ya baridi. Waliosukutua kwa maji matupu, angalau mara tatu kwa siku kwa siku 60, waliugua kwa karibu theluthi moja pungufu. Waliosukutua kwa dawa ya aidini hawakupata faida hiyo. Maji matupu!

Kijana wa Manzese, nakujibu sasa. Kitunguu saumu kina utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2001, wa watu 146, uliokisifu kwamba kinapunguza mafua. Mmoja ni mmoja, hautoshi kuapia, lakini ukikitia kwenye mchuzi hutadhurika, isipokuwa watakaokaa nawe kwenye daladala. Vidonge vya rangi mbili ni habari nyingine. Hizo ni dawa za antibayotiki, na antibayotiki huua bakteria. Virusi vya mafua havisikii. Utasema ulimeza siku tano ukapona. Ndiyo, na usingemeza ungepona siku hiyo hiyo. Tena wengi wanadhani kamasi likigeuka kijani au njano ni alama ya kuhitaji vidonge. Siyo. Rangi hiyo inatokana na chembechembe nyeupe za mwili wako zilizokuwa kazini. Kila unapomeza vidonge hivyo bila sababu, bakteria waliomo mwilini mwako wanapata mazoezi, wakabaki wale wagumu. Siku mtoto wako atakapopata nimonia ya kweli, dawa ile ile inaweza ikakosa nguvu. Mwenye duka atakuuzia akiombwa. Yeye anafanya biashara, nawe ndiye unayelipa.

Kuna mambo mengine ya nyumbani ambayo hayana kheri, na hapa nitakaa kidogo.

Kujifukiza kwanza, ile nyungu iliyovuma sana mwaka 2020. Mvuke hufungua pua kwa muda, sikatai, na harufu ya majani ya mkaratusi inaburudisha. Lakini uchunguzi haujaonyesha kwamba unafupisha mafua, na mtoto mdogo aliyefunikwa blanketi na sufuria ya maji yanayochemka ni ajali inayongoja kutokea. Mtoto asifukizwe. Pua yake ikiziba, dondoshea matone ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo sana, kisha mfute kwa kitambaa laini. Usimtie mafuta ya aina yoyote puani, kwa kuwa yanaweza kuteremka mpaka kwenye mapafu.

Pili ni jiko la mkaa. Ndugu zangu wa Njombe, Makete, Mafinga na Mbeya, na hata Arusha, nawajua mnavyoliingiza chumbani usiku wa Julai. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Haikohozi mtu, haimwamshi. Familia hulala wazima na majirani huvunja mlango asubuhi. Ota moto nje au sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha litoe jiko kabla ya kulala. Na hata mchana, moshi wa kuni ndani ya nyumba karibu unazidisha mara mbili hatari ya nimonia kwa mtoto mdogo. Usipike ukiwa umembeba mgongoni penye moshi.

Tatu, kimeo. Mama wa Mbagala, kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mungu hakukisahau pale. Kinasaidia kuzuia chakula kisipande puani unapomeza, kinalainisha koo, na kinasaidia kutamka. Mtoto akiwa na mafua, koo lote huvimba na kimeo nacho huvimba, hivyo anayechungulia kwa tochi huona kirefu na chekundu, akatangaza kwamba ndicho kinachomkohoza. Mafua yakiisha uvimbe huisha. Wakati huo mzee anakuwa ameshakikata kwa wembe, na sifa anapata yeye. Lakini wapo ambao hawakurudi kuwa wazima: watoto waliotoka damu mpaka wakaishiwa, waliopata pepopunda, waliooza koo, waliofariki. Wembe uliopita kwa mtoto wa jana unaweza pia kubeba virusi vya ukimwi. Usimpeleke. Jirani anakutakia mema, mshukuru, lakini usimpeleke.

Badala ya kutazama kimeo, tazama kifua. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, kwa kuwa mafua hayaui watoto, nimonia ndiyo inayoua, na mwanzo wake hufanana na mafua. Subiri mtoto atulie au alale, asiwe analia wala hanyonyi. Mfunue kifua. Chukua saa au simu, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja kamili. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika mara 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, hiyo si mafua ya kunyweshwa tangawizi. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Na kama unaona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea haamki vizuri, usingoje asubuhi. Mtoto wako wa miaka mitatu ana namba yake: 40. Iandike ukutani. Na akiwa na homa, apimwe malaria hata kama pua inatiririka, kwa sababu mafua na malaria haviogopani.

Angalia pia kadi yake ya kliniki. Tangu mwaka 2013 watoto wetu wanapewa bure chanjo dhidi ya bakteria wakubwa wa nimonia, wakiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Haizuii kamasi, lakini inazuia lile ambalo kamasi hulifungulia mlango. Kwa watu wazima, kikohozi kikitimiza wiki mbili, acha tangawizi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Dawa zake ni bure.

Nimebakiwa na bwana wa jokofu. Maji ya barafu hayana virusi vya mafua, na mtu mzima mwenye koo zima anaweza kuyanywa bila wasiwasi, ilimradi yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Ukiwa tayari una mafua, ya moto yatakuburudisha zaidi. Kwa hiyo kwa upande wa afya, kufuli linaweza kutolewa. Kama mkeo amelifunga kwa ajili ya LUKU, hilo mmalizane wenyewe.